Kukopa Harusi, Kulipa Matanga: Mexico, Bangkok, Buenos Aires na Sisi

Magazeti yetu yana vichwa viwili tu vya habari kuhusu sarafu. Siku moja ni "Shilingi yaporomoka", siku nyingine ni "Shilingi yaimarika". Ukisoma habari yenyewe unakutana na kiwango cha jana, kiwango cha leo, na ofisa mmoja wa benki anayesema hali itatengemaa. Basi, imeisha. Msomaji anakunja gazeti akiwa hajui aogope au achekelee.

Wadau, leo naomba tuchimbe zaidi kidogo. Katika miaka arobaini na ushee iliyopita, nchi nyingi ambazo uchumi wake ulisifiwa kuwa unainukia zimeiona siku ambayo sarafu ilianguka na mambo yakaenda mrama. Mexico mwaka 1982 na tena 1994. Thailand, Indonesia na Korea Kusini mwaka 1997. Urusi 1998. Argentina 2001. Ghana 2022. Ni mabara tofauti, dini tofauti, serikali za kila aina. Nyingine zilikuwa za mkono wa chuma, nyingine za kuchaguliwa. Nyingine zilitumia fedha hovyo, nyingine zilikuwa na bajeti safi kabisa. Je, kuna kinachoziunganisha? Na kama kipo, kwa nini watu wanaendelea kujikwaa kwenye jiwe lilelile?

Kipo, na siyo kushuka kwa thamani ya sarafu. Hiyo ni homa tu. Ugonjwa wenyewe ni deni: nani kakopa, kakopa fedha ya nani, na inatakiwa irudi lini. Ukifuatilia mpaka mwisho unakuta swali la nne, ambalo wachumi hulitaja kwa sauti ya chini: nani analipa? Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Walichotuachia tukigundue wenyewe ni kwamba aliyecheza harusini mara nyingi siye anayelia matangani.

KIAPO CHA MBWA

Tuanzie Mexico. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nchi hiyo ilikuwa imegundua mafuta mengi, na bei yake duniani ilikuwa juu. Mabenki makubwa ya Marekani na Ulaya nayo yalikuwa yamejaa dola zilizowekwa na nchi zenye mafuta, yakawa yanatafuta wa kumkopesha. Serikali ya Rais José López Portillo ikakopa. Kwa nini isikope? Mafuta yapo, na mkopeshaji mwenyewe ndiye anayebisha hodi.

Halafu mambo mawili yakatokea kwa mpigo. Benki Kuu ya Marekani chini ya Paul Volcker, ikipambana na mfumuko wa bei kwao, ikaiacha riba ipande mpaka karibu asilimia 20. Na bei ya mafuta ikaanza kushuka. Mikopo mingi ya Mexico ilikuwa na riba inayofuata soko, kwa hiyo nchi ikajikuta inalipa zaidi kwa deni lilelile huku kinachoingia kikipungua. Matajiri walionusa mapema wakaanza kuhamishia fedha zao Marekani.

López Portillo akasimama mbele ya taifa akaapa kwamba ataitetea peso kama mbwa. Peso ikashushwa thamani mwaka uleule wa 1982. Agosti, Waziri wa Fedha Jesús Silva Herzog akawaambia wakubwa wa Washington kwamba Mexico haina cha kulipa. Septemba 1 rais akayataifisha mabenki. Tangu hapo wananchi wakawa wanambwekea hadharani, na kilima ambako familia yake ilikuwa na majumba ya kifahari kikapewa jina la Kilima cha Mbwa.

Tukishacheka, tukikumbuke kiapo hicho, maana tutakutana nacho tena. Juni 30, 1997 Waziri Mkuu wa Thailand, Chavalit Yongchaiyudh, aliwahakikishia wananchi kwamba baht haitashushwa thamani. Iliachiwa Julai 2. Agosti 14, 1998 Rais Boris Yeltsin alisema kwa msisitizo kwamba rubo haitashushwa. Ilishushwa Agosti 17. Waargentina wao walipita wote: hawakuapa kwa mdomo, waliandika kiapo kwenye sheria.

Hivi viongozi hawa wote walikuwa waongo? Si rahisi hivyo. Kiongozi akikiri tu kwamba sarafu inaweza kushuka, kila mwenye uwezo atakimbilia dola siku hiyohiyo, na sarafu itashuka kabla ya chakula cha mchana. Analazimika kuapa. Tatizo ni kwamba kiapo kinasikilizwa tofauti. Mwenye fedha nyingi na rafiki wizarani anakisikia kama king'ora, anahamisha mali. Mwalimu wa shule anakiamini, anaacha akiba yake palepale.

DOLA KWENYE DENI, PESO MFUKONI

Mexico ilirudi jukwaani miaka kumi na miwili baadaye. Januari 1, 1994 mkataba wa biashara huria na Marekani na Kanada ulianza kufanya kazi. Siku hiyohiyo wapiganaji wa Zapatista wakainuka katika jimbo la Chiapas. Machi mgombea urais wa chama tawala, Luis Donaldo Colosio, akapigwa risasi na kuuawa mjini Tijuana. Wawekezaji wakaanza kupapasa mifuko yao.

Serikali ilikuwa inakopa kwa dhamana za muda mfupi zilizolipwa kwa peso. Wawekezaji waliposita, ikawapa kitu kitamu zaidi: dhamana zilizoitwa tesobono, ambazo zililipwa kwa peso lakini hesabu yake ilifuata dola. Yaani peso ikianguka, anayeumia ni serikali, mwekezaji yuko salama. Desemba 20, 1994 serikali mpya ya Ernesto Zedillo, ikiwa na wiki tatu tu madarakani, iliishusha peso kidogo. Siku mbili baadaye ikashindwa kuishikilia, ikaiachia. Dola iliyokuwa inauzwa kwa peso tatu na nusu hivi ikapita peso saba kufikia Machi 1995.

Hapa ndipo penye fundisho lenyewe, hebu tulifanyie hesabu ya mtaani. Chukulia una daladala. Umekopa dola 20,000 ukanunua basi, kwa sababu riba ya mkopo wa dola ni ndogo kuliko ya shilingi. Abiria wako wanalipa shilingi. Dola ikiwa shilingi 1,000, deni lako ni milioni 20. Dola ikifika 2,000, deni lako ni milioni 40, na basi ni lilelile, ruti ni ileile, abiria ni walewale. Hukulewa fedha, hukucheza kamari, hukuchelewa kurejesha hata mara moja. Umefilisika umelala.

Wachumi Barry Eichengreen na Ricardo Hausmann wameuita udhaifu huu dhambi ya asili: nchi changa haiwezi kukopa nje kwa sarafu yake yenyewe, inazaliwa nayo dhambi hiyo. Marekani inakopa dola na ina mtambo wa kuchapa dola. Thailand inakopa dola na ina mtambo wa kuchapa baht. Tofauti yote iko hapo.

Rais Bill Clinton aliikopesha Mexico, na pamoja na IMF na wengine ikatengenezwa ahadi ya dola bilioni 50 hivi. Wenye tesobono wakalipwa zote. Mexico nayo ikailipa Marekani kabla ya muda, Januari 1997, na Washington ikapongezana kwa kazi nzuri. Huko Mexico kwenyewe uchumi ulisinyaa kwa zaidi ya asilimia 6 mwaka 1995, riba zikapanda kupita asilimia 70, na watu waliokopa kununua nyumba na matrekta wakawa wanadaiwa zaidi ya thamani ya mali zenyewe. Wakulima wenye madeni walikuwa tayari wameunda vuguvugu lao lililoitwa El Barzón. Sasa watu wa mjini wenye mikopo ya nyumba na magari nao wakajiunga. Mabenki yao yaliokolewa kwa fedha za umma, na mlipa kodi wa Mexico akaendelea kubeba mzigo huo miaka mingi baadaye.

BANGKOK: WATOTO WAZURI WA DARASA

Kama Mexico ilikuwa mtoto mtukutu, Asia ya Mashariki ilikuwa mwanafunzi wa kwanza darasani. Benki ya Dunia mwaka 1993 ilitoa ripoti nzima kuisifia, ikiita maendeleo yao muujiza. Serikali zao hazikuwa na nakisi za kutisha. Watu wao walikuwa wanaweka akiba. Viwanda vinafanya kazi. Sasa walianguka vipi?

Kwa sababu huko aliyekopa hakuwa serikali. Mwaka 1993 Thailand ilifungua mlango rasmi wa mabenki kuchukua mikopo nje na kuikopesha ndani. Baht ilikuwa imefungwa kwa dola, takriban baht 25 kwa dola moja, na watu wakaamini kwamba itabaki hapo daima. Kampuni za fedha za Bangkok zikakopa dola za miezi kadhaa kwa riba ya chini, zikawakopesha wajenzi wa maghorofa ambao wangehitaji miaka kumi kurudisha. Mkopo mfupi, mradi mrefu. Deni la dola, kodi ya pango ya baht. Ni daladala letu lilelile, ila limejengwa kwa zege.

Maghorofa yakazidi wapangaji. Mwaka 1996 mauzo ya nje yakadumaa, na wafanyabiashara wa fedha wakaanza kubashiri kwamba baht haitashikilika. Benki Kuu ya Thailand ikaitetea kwa kuuza dola, tena nyingi kwa mikataba ya kulipa baadaye, ambayo haikuonekana kwenye hesabu zilizotangazwa. Kwenye karatasi nchi ilikuwa na zaidi ya dola bilioni 30. Ukitoa zilizokwisha kuahidiwa wengine, mwishoni mwa Juni 1997 zilibaki chini ya bilioni 3. Siri hiyo waliijua wachache. Julai 2 baht ikaachiwa, na Januari 1998 ilifika 56 kwa dola.

Kampuni za fedha 58 zilisimamishwa, na 56 kati yake zikafungwa moja kwa moja. Mnara wa Sathorn Unique wenye ghorofa 49 ukaachwa bila kumaliziwa katikati ya Bangkok, na ukasimama hivyo kwa miongo, watu wakiuita mnara wa mizimu. Dalali mmoja mkubwa wa hisa alipofilisika alianza kuuza sandwichi barabarani akiwa na boksi shingoni. Dunia ikampiga picha nyingi. Hawakupigwa picha vibarua wa ujenzi waliorudi kwao Isan, kaskazini-mashariki, kulima mpunga kwenye mashamba ya wazazi.

JAKARTA NA SEOUL

Moto haukuishia Bangkok. Indonesia ilikuwa na ugonjwa uleule kwa kiwango kikubwa zaidi: kampuni binafsi, nyingi za familia na maswahiba wa Rais Suharto, zilikuwa na madeni ya dola. Rupiah ikatoka kama 2,400 kwa dola katikati ya 1997 mpaka kupita 15,000 mwaka uliofuata. Novemba 1, 1997, kwa ushauri wa IMF, serikali ilifunga mabenki 16. Nia ilikuwa kurudisha imani. Ikawa kinyume: wenye akiba hawakujua ni benki ipi itafuata, wakakimbilia kutoa fedha zao zote.

Januari 15, 1998 kuna picha ilipigwa Jakarta ambayo Waasia hawajaisahau. Suharto ameinama anasaini barua ya makubaliano, na nyuma yake amesimama mkurugenzi wa IMF, Michel Camdessus, kakunja mikono kifuani kama mwalimu anayemsimamia mtoro akiandika adhabu. Mei bei ya mafuta ikapandishwa. Mei 12 wanafunzi wanne wa Chuo Kikuu cha Trisakti wakauawa kwa risasi. Ghasia zikaripuka, zaidi ya watu elfu moja wakafa, maduka ya Waindonesia wenye asili ya Kichina yakachomwa na wanawake wao wakabakwa. Mei 21 Suharto akajiuzulu baada ya miaka zaidi ya thelathini. Uchumi ulisinyaa kwa asilimia 13 mwaka huo.

Hebu tazama walioumia. Muuza duka wa Kichina wa mtaani Glodok hakukopa dola New York. Wanafunzi wa Trisakti hawakuwa na hisa kwenye benki za maswahiba.

Korea Kusini ilikopa kupitia mabenki yake, na mabenki yakawakopesha makampuni makubwa ya kifamilia. Novemba 21, 1997 ikaomba msaada wa IMF. Ukakusanywa mfuko wa zaidi ya dola bilioni 55. Ukosefu wa ajira uliokuwa chini ya asilimia 3 mwaka 1997 ukafika karibu asilimia 7 mwaka uliofuata. Mwanzoni mwa 1998 Wakorea wa kawaida wakapanga foleni kuipa serikali dhahabu yao ili iuzwe nje na kupata dola: pete za ndoa, vito vya watoto, medali za michezo. Zilikusanywa tani 227 hivi. Kila anayesimulia kisa hiki husifu uzalendo, na kweli uzalendo ulikuwepo. Lakini tujiulize: deni lilikuwa la nani, na pete zilikuwa za nani?

Malaysia ya Mahathir Mohamad iliikataa dawa ya IMF. Septemba 1998 ikazuia mitaji kutoka nje ya nchi ovyo na kufunga ringgit kwenye 3.80 kwa dola. Wataalamu walitabiri maafa, ambayo hayakutokea. Mjadala kama hatua hiyo ndiyo iliyoiokoa unaendelea mpaka leo, maana wakati inachukuliwa dhoruba ilikuwa imeanza kupungua. Ila ilithibitisha jambo moja: dawa haikuwa moja tu kama tulivyoaminishwa.

KIPIMO CHA BRAZIL

Mtu anaweza kuniuliza: una uhakika gani kwamba ugonjwa ni deni la dola na siyo kushuka kwa sarafu? Nenda Brazil. Januari 1999, miezi michache baada ya Urusi kuanguka, Brazil ililazimika kuiachia sarafu yake, real. Ndani ya wiki chache dola ikatoka 1.21 mpaka kupita 2. Kila mtu akasubiri Jakarta ya pili. Haikuja. Uchumi wa Brazil haukusinyaa hata kidogo mwaka 1999.

Kwa nini? Sababu kubwa ni kwamba makampuni na mabenki yalikwisha kujikinga. Kabla ya anguko, serikali ilikuwa imewauzia dhamana zinazofuata dola, kwa hiyo hasara ilihamia kwake, na ilikuwa na uwezo wa kuibeba. Sarafu ilianguka sana, lakini viwanda havikufilisika. Homa ilipanda, mgonjwa hakufa.

(Lakini hata hapo, hasara iliyohamia serikalini ni hasara iliyohamia kwa mlipa kodi. Deni halifi, linahama tu.)

BUENOS AIRES: KIAPO KWENYE SHERIA

Argentina mwaka 1989 ilikuwa na mfumuko wa bei wa zaidi ya asilimia 3,000. Watu walikuwa wananunua chakula asubuhi kwa sababu jioni bei ni nyingine. Kwa hiyo Aprili 1991 Waziri wa Uchumi Domingo Cavallo alipoleta sheria kwamba peso moja ni dola moja, na kila peso iwe na akiba yake Benki Kuu, Waargentina walipumua. Bei zikatulia kweli. Nchi nzima ikaanza kufikiri kwa dola: mikopo ya nyumba kwa dola, akiba kwa dola, mikataba kwa dola.

Lakini dola ilipopanda duniani, peso ilipanda nayo, bidhaa za Argentina zikawa ghali. Jirani yake Brazil aliposhusha sarafu 1999, Argentina ikabaki juu kama nazi iliyosahaulika mnazini. Serikali ikaendelea kukopa ili kulinda kiapo. Kutoka ndani ya sheria hiyo kulimaanisha kuwafilisi wote waliokopa dola. Kubaki kulimaanisha mdororo, na ulishaingia mwaka wa nne.

Desemba 2001 Cavallo aliyerudi wizarani alifungia akaunti za benki: mtu anaruhusiwa kutoa 250 tu kwa wiki. Waargentina waliuita utaratibu huo corralito, zizi dogo. Wenye akaunti kubwa walikwisha kuzihamishia Uruguay na Miami. Waliokutwa zizini ni wastaafu, wauza duka, wauguzi. Desemba 19 na 20 watu wakatoka barabarani wakigonga masufuria, zaidi ya 30 wakauawa, na Rais Fernando de la Rúa akaondoka ikulu kwa helikopta. Ndani ya wiki mbili nchi ikapitiwa na marais watano, mmoja wao akitangaza kwamba deni la nje halilipwi. Kulikuwa kushindwa kulipa kukubwa kuliko kote hadi wakati huo.

Rais Eduardo Duhalde aliingia Januari 2002 akiahidi kwamba aliyeweka dola benki atapata dola. Unaona? Kiapo kimerudi. Wiki chache baadaye akiba za dola zikageuzwa kwa nguvu kuwa peso, kwa kiwango cha peso 1.40 kwa dola, wakati sokoni dola ilikuwa njiani kuelekea karibu peso nne. Wadaiwa wakubwa waligeuziwa madeni yao kwa peso moja kwa dola moja. Kwa lugha ya kwetu: aliyekopa dola milioni alisamehewa sehemu kubwa, aliyejiwekea dola elfu tano za uzeeni akapoteza zaidi ya nusu. Kufikia mwisho wa 2002 zaidi ya nusu ya Waargentina walikuwa chini ya mstari wa umaskini, na usiku mitaa ya Buenos Aires ilijaa familia zinazookota maboksi ili ziyauze.

MELI ILIYOKAMATWA TEMA

Sasa turudi Afrika, na njia ya kurudi ipo, tena ya bahari. Oktoba 2012 meli ya mafunzo ya jeshi la wanamaji la Argentina, ARA Libertad, ilitia nanga bandari ya Tema, Ghana. Kampuni moja, NML Capital, iliyokuwa na hati za deni la Argentina ambalo halikulipwa, ikaenda mahakamani Ghana ikaomba meli ikamatwe. Ikakamatwa. Ilikaa pale mpaka Desemba, mahakama ya kimataifa ya sheria ya bahari ilipoamuru iachiwe.

Waghana waliotazama kioja hicho walikuwa nao wanaingia harusini. Nchi nyingi za Afrika zilikwisha kusamehewa madeni ya zamani mwanzoni mwa miaka ya 2000, yale yaliyotuletea masharti ya IMF, kuchangia shule na kuchangia hospitali. Zikiwa na daftari safi, zikaenda kwenye masoko ya wakubwa. Ghana ilikopa dola milioni 750 mwaka 2007. Zambia kiasi hichohicho mwaka 2012, ikarudi 2014 na 2015 mpaka jumla ikafika dola bilioni 3. Kenya ilianza 2014. Riba huko nje zilikuwa chini, na mkopeshaji mwenyewe alikuwa anabisha hodi. Umeisikia wapi hiyo?

Zambia ilishindwa kulipa Novemba 2020. Ghana ilisimamisha malipo ya sehemu kubwa ya deni lake la nje Desemba 2022, mwezi ambao mfumuko wa bei ulifika asilimia 54. Iliwageukia pia wenye dhamana za ndani, wapokee kidogo na wasubiri zaidi. Februari 2023 wastaafu wakaketi nje ya Wizara ya Fedha mjini Accra na mabango, na kati yao alikuwepo Jaji Mkuu mstaafu, Sophia Akuffo. Ilibidi wazee hao wapambane ili akiba zao ziachwe nje ya mpango.

Kenya iliponea chupuchupu. Dola bilioni 2 zilizokopwa 2014 zilikuwa zinaiva Juni 2024, na wasiwasi kama zitalipwa uliisukuma shilingi mpaka kama 160 kwa dola Januari mwaka huo. Februari serikali ikakopa bilioni 1.5 nyingine, kwa riba inayozidi asilimia 10, ili kulipa ya kwanza. Shilingi ikarudi kwenye 130 hivi, na magazeti yakaandika "Shilingi yaimarika". Ni kweli iliimarika. Ila Juni ukaja muswada wa fedha wenye kodi juu ya kodi, vijana wakajaa barabarani, Juni 25 wakaingia bungeni, na makumi waliuawa katika maandamano hayo. Siku iliyofuata rais akasema hatausaini muswada. Sisemi deni peke yake ndilo lililowatoa majumbani, kulikuwa na hasira ya ufisadi na mengine mengi. Nasema tu kwamba anayetenganisha habari ya Februari na habari ya Juni anasoma kitabu kwa kuruka kurasa.

Watanzania wenzangu, tusijione tuko kisiwani. Mwaka 2023 tulionja wenyewe uhaba wa dola. Mwaka 2025 serikali ikapiga marufuku kutoza bei za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni, na hilo lina mantiki, maana mazoea ya kufikiri kwa dola ndiyo yaliyowafunga Waargentina. Lakini kodi ya pango ni sehemu ndogo ya habari. Sehemu kubwa ni madeni yenyewe.

SASA TUULIZE NINI?

Nimezunguka mabara kadhaa ili nisema jambo dogo. Mexico alikopa serikali, Bangkok walikopa wajenzi, Jakarta maswahiba, Seoul mabenki, Buenos Aires karibu kila mtu, Lusaka na Accra tena serikali. Mkopaji anabadilika. Anayelipa habadiliki: ni yule ambaye kipato chake ni cha sarafu ya nyumbani, asiye na akaunti nje, aliyeamini kiapo.

Asia ilijifunza kwa machungu. Baada ya 1997 nchi zile zilirundika akiba kubwa ya dola na kukuza masoko ya kukopa kwa sarafu zao wenyewe, ndiyo maana dhoruba ya 2008 iliwatikisa bila kuwaangusha kama mwanzo. Kwa hiyo dhambi ya asili ina toba, hata kama ni ndefu.

Basi ukikutana tena na kichwa cha habari kuhusu shilingi, usiishie kwenye kiwango cha siku. Uliza deni lililo kwa fedha ya wengine ni kiasi gani, la nani, na linaiva lini. Uliza akiba iliyotangazwa, ni ngapi kati yake zimeshaahidiwa. Haya yanatakiwa yaulizwe bungeni, kwenye vyumba vya habari na kwenye vijiwe vya kahawa, tena wakati mambo yangali shwari. Wakati wa harusi ndiyo wakati wa kuuliza sufuria zimekodiwa kwa nani. Siku ya matanga hakuna atakayekujibu.